Viazi vya Maganda na Mti wa Parachichi

Nikitaka kukohoa, mkono wangu wa kushoto unakimbilia tumboni kabla sijautuma. Kanisani watu wanadhani ni adabu. Siyo adabu. Ni miaka ya kuishi na utumbo unaotaka kutoka nje, na mkono huu mpaka leo haujapata taarifa kwamba mambo yalikwisha.

Naandika mwenyewe, na shule sikuimaliza, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupendeza akatafute kwingine. Majina ya watu sitayaandika. Nitataja kazi ya mtu na kile alichonifanyia, basi. Mwenyewe akisoma atajijua.

Wa kwanza ni mama mkwe, na kufa kwake hakunizuii kumtaja. Mtoto wangu wa mwisho alitolewa kwa kisu, na kovu lilikuwa bado bichi yule mama aliponiwekea jembe mlangoni. "Huku kwetu kuzaa siyo ugonjwa," alisema. Nikalima. Sisi tunakaa Uyole, pembeni ya Mbeya, na viazi vya Uyole vinataka matuta, na tuta linataka mtu ainame kutwa nzima. Haukupita muda nikaona kauvimbe juu ya kovu, kama limau chini ya ngozi. Nikilala kanaingia, nikisimama kanatoka. Miaka ikaenda, mimi nikanenepa, limau likawa chungwa, chungwa likawa papai changa. Nikawa nafunga kanga tumboni, nakaza, naendelea na kazi.

Nilijua nimebeba nini. Mama yangu mdogo, huko kwetu Ilula, Iringa, alikuwa na kitu hicho hicho. Siku moja kilitoka kikagoma kurudi. Kikawa kigumu, kikabadilika rangi, na kabla hawajapata gari la kumpeleka hospitali akawa ameshakata roho. Nilikuwa msichana, niliona. Kwa hiyo watu wanaponiuliza kwa nini mwanamke wa umri wangu alihangaika na kupungua mwili kama msichana anayetafuta mchumba, huwa nawaangalia tu. Mimi sikuwa natafuta kiuno. Zahanati walishanieleza kwamba hii ni ngiri, imetokea kwenye kovu, inashonwa, lakini kwanza nipungue. Nisipopungua hawanishoni. Wasiponishona, nangoja siku yangu kama mama mdogo.

Ndipo nikaangukia kwa wa pili. Huyu alikuwa na chumba ghorofani, karibu na soko, ana koti jeupe na ukutani ana picha za wanawake wanene upande mmoja na wembamba upande wa pili. Alinishika mkono kama mchungaji.

"Mama, nyumbani unakula nini?"

"Chakula," nikamwambia. "Ugali, viazi, ndizi, kande."

Akafumba macho kama nimemwambia nakunywa dawa ya panya. "Hiyo yote ni sumu. Hiyo ni sukari, mama yangu. Umejilisha sukari tangu utotoni."

"Bibi yangu alikula viazi maisha yake yote, na alikuwa mwembamba kama fito."

"Bibi yako alikuwa na bahati."

Akaniandalia kile alichokiita programu. Nyama, mayai, kuku na ngozi yake, siagi kijiko kizima kwenye chai, na unga wake wa kopo. Viazi nisiguse, ugali nisiguse, ndizi nisiguse. Mume wangu ni fundi pikipiki, alivyoona meza alisugua mikono. "Kumbe ugonjwa wako ni mtamu hivi? Leo tunakula Krismasi!"

Sitasema uongo, mwili ulianza kupungua. Lakini choo kilifunga. Nikawa naingia chooni kama mtu aliyeitwa ofisi ya serikali: nakaa, nangoja, natoka mikono mitupu. Nikampigia simu mwenye koti. "Kaza, mama," akasema, "mwili unazoea." Mtu mwenye ngiri anaambiwa akaze! Na mimi nikakaza. Asubuhi moja nikakaza, nikasikia kitu kimepita palipo na kovu, na safari hii nilipokishika hakikuwa laini. Kilikuwa kigumu kama ngumi ya mtoto.

Nilijua. Nililala hapo hapo kwenye sakafu ya choo, nikamwita mume wangu kwa jina la mama mdogo, sijui kwa nini.

Hospitali alinipokea daktari kijana. Aliniinua miguu juu ya mito, akaanza kukikandamiza taratibu, taratibu, huku ananiuliza habari za viazi na bei ya mbolea ili nisijikaze. Mimi nilikuwa nataja watoto wangu mmoja mmoja, nikimaliza naanza upya. Mwishowe kikaingia kwa mlio, kama maji ya sinki iliyokuwa imeziba. Kijana akajifuta jasho. Alinifundisha hapo hapo: kikitoka tena nilale, nipandishe miguu ukutani, nisijikaze, nikandamize kidogo kidogo. Na kikigoma, nikimbie.

Daktari wa upasuaji alikuja baadaye. Mtu mzima, miwani puani. "Safari hii imerudi. Nyingine sijui. Lakini kwa uzito huu nikikushona leo nyuzi zitaachia, na dawa ya usingizi inaweza kukuletea shida. Ushuke chini ya kilo tisini, halafu tuzungumze." Nilikuwa juu ya mia. Nikamuuliza nishukeje, na nyama yenyewe ndiyo imenifikisha hapa. Akanielekeza kwa nesi wa lishe.

Yule nesi akaniuliza, "Unapenda viazi?"

Nikaogopa kama nimeulizwa na polisi. "Nilikuwa napenda."

"Kula."

"Viazi?"

"Viazi, vioshe vizuri ule na maganda yake. Ugali wa dona. Maharage. Ndizi za kupika, magimbi, kande. Mboga za majani nusu ya sahani. Kula ushibe, usishinde njaa. Choo kitafunguka chenyewe. Vyakula hivyo havina tatizo, mama, tatizo ni unavyovimiminia mafuta. Acha mafuta, acha nyama zenye mafuta, acha maandazi na soda." Halafu akaita mgonjwa anayefuata.

Nilitoka pale nusu nacheka nusu nalia. Mmoja amenambia kiazi ni sumu, mwingine anasema kiazi ni dawa, na katikati yao ni tumbo langu. Lakini huyu nesi hakuwa na kopo la kuuza, nikamwamini. Ila naye nimemweka humu, kwa sababu alisema acha mafuta na hakusema mafuta yanakaa wapi. Kwangu mimi mafuta yalikuwa yanakaa kwenye dumu la njano chini ya meza ya jikoni. Ukilifunga dumu, umeacha mafuta.

Nyumbani nilishindwa. Mume wangu alisema wazi, "Mimi siumwi. Nikaangiwe viazi vyangu." Harufu ya vitunguu kwenye mafuta ya moto inaingia mpaka chumbani, mtu unameza mate kama mbwa nje ya bucha. Nikaamua niende kwa mama yangu Ilula nikatulie. Nikajaza kiroba cha parachichi kutoka mti wetu ulio nyuma ya jiko, zawadi kwa mama, nikapanda basi.

Safari ile nilihesabu hospitali badala ya vituo. Kila tuta la barabarani nilijiinua kidogo kwenye kiti, mkono tumboni. Chimala nikajisemea, hapa kikigoma kuna pa kukimbilia. Igawa nikaanza kuogopa, maana kutoka hapo mpaka Makambako sikujua ningemlilia nani. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa anakula kuku wa kukaanga, akanikaribisha paja. Nikatikisa kichwa. Akasema, "Mama umefunga?" Nikasema ndiyo, nimefunga. Maelezo marefu ya nini.

Mama alikuwa uani anachambua nyanya. Aliinuka taratibu.

"Kamwene, mwanangu. Mbona umeshika tumbo, umebeba mwingine?"

"Mama, umri huu?"

"Wanaume wa Mbeya siwaamini mimi."

Tukacheka, halafu nikamwambia ni nini, na kicheko kikamkauka mdomoni. Yeye ndiye aliyemshika mdogo wake mikono siku ile. Tangu hapo hakuniachia hata ndoo. Na dumu la mafuta alilitoa jikoni mbele yangu, akampa jirani.

Tulikula vizuri, sijui kama naweza kueleza. Asubuhi viazi vya kuchemsha na maganda, tunavipasua vikiwa vya moto, tunachota parachichi tunapaka juu, chumvi kidogo. Mchana ugali wa dona na mnafu au majani ya maboga, mama akiyaunga kwa karanga alizotwanga mwenyewe, maana kwake mboga isiyo na karanga ni ya ng'ombe. Jioni maharage na nyanya. Kiroba cha parachichi kilipoisha, binti yangu akaniletea kingine kwa basi. Hata tone la mafuta halikuingia sufuria ile. Choo kilifunguka, usingizi ukarudi. Nikawa nakaa barabarani na wauza nyanya, nawasaidia kupanga ndoo, najiona mwepesi. Jioni nikijipima kwa kanga niliona ncha zinasogea. Au nilitaka kuziona hivyo.

Nilirudi Mbeya na nyanya na matumaini. Nikapanda kwenye mzani. Nesi akasukuma kile chuma, akakirudisha, akakisukuma tena. Nilikuwa nimeshuka kidogo sana, kiasi ambacho mtu anashuka akivua koti.

Daktari aliangalia karatasi, akavua miwani. "Mama, unatudanganya."

"Sijagusa mafuta, dokta. Muulize mama yangu."

"Mzani hauna ndugu. Kuna kitu unakula kwa kujificha. Nakupa miezi mitatu. Ukija hivi hivi sitakushona, na usije ukamlaumu mtu."

Mwizi akiitwa mwizi angalau alishaonja alichoiba.

Miezi ile ndipo nilipoijua hofu vizuri. Kile kitu kilikuwa sasa kinatoka kila siku. Nikipiga chafya, kinatoka. Nikiinama kuwasha moto, kinatoka. Nilikwenda mashine ya kusaga nikakataa kuingia ndani kwa kuogopa vumbi la unga lisinikohoze, nikampa binti debe, nikasimama nje upande wa upepo. Nilikula kidogo zaidi, nikawa nazidi kuwa na njaa, na nikiwa na njaa nakata parachichi moja, nakula na chumvi, najisifu kwamba sijashika andazi. Juu ya bati la jiko yalikuwa yanaanguka yenyewe, pu, pu, msimu umekolea. Nani anunue tunda lililolala chini ya mti wake?

Katikati ya hofu hiyo ikaja sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa wifi yangu anayekwenda kuolewa.

Wifi yangu huyu, dada wa mume wangu, ni mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kumenya viazi. Naye yumo humu kwenye watu ninaowataja, na kwa mambo ya zamani kuliko haya. Kwao, siku ya sendofu, sisi wake wa ukoo tunakaa chumba cha nyuma na shangazi za bibi harusi, tunakula sinia moja kabla binti hajatolewa nje. Kula pamoja ndiyo kusema hatuna kinyongo. Asiyekula amesema jambo, hata kama hajafungua mdomo. Na mimi nilijua sinia la wifi: pilau linalong'aa, nyama yenye mafuta, ndizi zilizokaangwa kwanza ndipo zikapikwa. Nikabeba hotipoti yangu.

"Wifi, hiyo hotipoti imebeba nini?" aliniuliza mbele ya wote.

"Viazi."

"Viazi! Kwani kwangu kumeungua?"

Shangazi mmoja akaguna. "Labda amesikia tunatia vitu."

"Jamani, ni daktari. Nina hii ngiri, mnajua wenyewe. Nimekatazwa mafuta."

"Daktari, daktari," wifi akasema. "Miaka yote hiyo unakula kwetu, umekufa mara ngapi?"

Wakacheka, wakapigana mabega. Mimi nikakaa mkekani pamoja nao, nikafungua hotipoti yangu kwa jeuri. Viazi vikatoa moshi. Nikatoa na parachichi kwenye mkoba, nikalipasua kwa kisu, nikaanza kupaka.

Wifi alikuwa amenyanyua tonge. Likasimama njiani.

"Subiri kwanza. Si umesema huli mafuta?"

"Sili."

"Na hilo?"

"Hili ni parachichi."

"Naona ni parachichi. Unakula mangapi?"

"Asubuhi moja. Au mawili. Na mchana, inategemea. Kwani tunda lina nini?"

Alinitazama, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka tonge chini, mpaka machozi yakamtoka, mpaka akaegemea ukuta. Halafu akainuka akanishika mkono, mkono ule ule wa kushoto, akanivuta mpaka uani. Shangazi wawili wakatufuata, hawakutaka kukosa.

Nyuma ya nyumba mume wa wifi alikuwa amepanga magunia mpaka dirishani. Anakusanya parachichi kwa wakulima: mazuri yanapakiwa kwenye makreti, yaliyoanguka na kupondeka yanatiwa kwenye magunia. Nimeyaona magunia yale miaka yote. Sikuwahi kuuliza.

"Haya yaliyopondeka unadhani yanakwenda wapi?" wifi aliniuliza.

"Sokoni."

"Sokoni nani ale uozo? Yanakwenda kiwandani, wifi yangu. Yanakamuliwa mafuta!" Akaingia stoo akarudi na chupa, ndani kitu cha kijani, kizito. "Wamempa mume wangu aonjeshe watu. Mimi napaka kichwani." Akamimina kidogo kwenye kiganja, akanipaka mkononi kuanzia kifundo mpaka kiwiko. Ngozi ikang'aa kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. "Wewe unakula mafuta yenye kokwa! Na karanga je, mama yako anakuungia mboga za karanga?"

Nikatazama magunia.

"Anaunga! Nazo ni tunda?"

Shangazi walikuwa wameshikana, wanalia kwa kucheka. Mimi nimesimama na mkono unaong'aa. Sikuwa nasikia vizuri. Nilikuwa najiuliza ningekufa lini, kabla au baada ya mtu kuniambia. Asubuhi zote zile Ilula, mama yangu amekaa mbele yangu ananitazama nikila, anafurahi, na sisi wawili tunanenepesha kile kile kinachotaka kuniua. Na daktari, msomi mzima, alipoona mzani haushuki aliona ni rahisi kuniita mwongo kuliko kuniuliza asubuhi nakunywa chai na nini. Swali moja tu. Wifi yangu aliliuliza, tena kwa kunikebehi.

Sikurudi chumbani kula. Waliosema nimekataa sinia, waliendelea kusema.

Kesho yake nilikwenda kwa nesi wa lishe, nikasimama mlangoni bila foleni. "Parachichi ni mafuta?"

Akashangaa. "Ndiyo, mama. Lakini ni mafuta mazuri."

"Mazuri kwa nani?"

Akanitazama tumboni, akaweka kalamu chini. "Kwa mtu asiye na haraka kama yako," alisema. "Karanga pia. Nazi pia. Nilidhani unajua." Alidhani najua. Nikaondoka kabla sijasema lililokuwa mdomoni.

Nilimwita mume wa wifi aje na ngazi. Alipanda mti wetu wa parachichi akauchuma wote, mabichi na mabivu, akajaza magunia. "Ndaga, shemeji," alikuwa ananishukuru kila akishusha kapu, hajui kwamba mimi ndiye niliyekuwa natuliwa mzigo. Alipoondoka, bati la jiko likanyamaza. Nilikaa nikisikiliza kimya kile kama mtu anayesikiliza mvua ilivyokatika.

Kula bila parachichi na bila karanga, nikaona kama nimefiwa. Kiazi kikavu kinakwama kooni. Ugali unauliza, mwenzangu yuko wapi? Lakini hofu ni mpishi pia. Nikajifunza kukaanga vitunguu kwa maji: unaweka kijiko, vikianza kushika sufuria unaongeza kijiko kingine, mpaka vinageuka rangi. Nyanya nikazipika mpaka zinakuwa nzito kama rojo, hapo ndipo maharage yanaingia. Viazi nikala na ndimu na pilipili na kachumbari, mpaka kijasho kinanitoka. Kande nilipika mahindi na maharage tu, na tangawizi. Mahindi ya kuchoma, magimbi, ndizi na nyanya chungu. Nilikula sahani iliyojaa, sikulala njaa hata siku moja, na hilo ndilo lililonitisha zaidi: mtu anapungua vipi akiwa ameshiba? Nilisubiri mzani unicheke tena. Mama nilimpigia simu nikamwambia habari ya karanga. Akasema, "Kumbe nilikuwa nakuua na mimi." Nikamwambia hapana. Yeye peke yake sijamweka kwenye hesabu.

Mume wangu aliendelea na chipsi zake mbele ya macho yangu. Naye nimemtaja.

Wiki ya kwenda kupimwa nikashikwa na mafua. Baridi ya Uyole na ukungu, kifua kikajaa. Nilikohoa siku nzima na mto umekandamizwa tumboni. Mchana niko peke yangu, binti yuko shambani, baba yao gereji, nikakohoa mara moja mto haujakaa sawa. Kikatoka. Nikakishika. Kigumu.

Nililala chini, nikapandisha miguu ukutani kama nilivyofundishwa na yule kijana. Simu ilikuwa mezani, mbali. Nikakandamiza, hakiendi. Nikaacha. Nikapumua. Nikakandamiza tena. Niliona mama mdogo, kitanda chake cha kamba, nikaona na gari ambalo halikuja. Nikaanza kutaja watoto. Nilipofika kwa wa mwisho, yule aliyenipa kovu, nikahisi kitu kinalegea chini ya vidole, kama kiazi kinapoiva. Kikarudi ndani kwa mlio ule ule wa maji. Nikabaki pale chini, miguu ukutani, natazama bati.

Hospitali nilikwenda bado nakohoa. Nikapanda kwenye mzani nimefumba macho. Nikasikia chuma kinasukumwa, kinarudishwa, kinasukumwa.

"Themanini na nane," nesi alisema. Akapima tena bila kuombwa. "Themanini na nane, mama."

Daktari alisoma karatasi, akanitazama juu ya miwani. "Kumbe unaweza."

Nilingoja aseme neno lingine, maana lilikuwepo neno lingine la kusema, na alikuwa analijua. Hakulisema. Akanipangia siku. "Mafua yakiisha," alisema, "tunakushona."

Wakanishona. Niliamka mdomo mkavu, tumbo linawaka moto kama nimebanwa na mlango, nikapeleka mkono. Bandeji, na chini yake bapa. Hakuna papai. Nikalia kidogo, lakini kulia kunavuta nyuzi, nikaacha.

Aliporuhusiwa mtu wa kwanza kuingia wodini, nilidhani ni mume wangu. Alikuwa wifi. Kanga mbili, chupa ya chai mkononi, uso wa mtu aliyekuja kudai.

"Wamesema uanze na uji."

"Umeweka nini?"

"Unga wa dona. Ndimu."

"Karanga?"

"Sijaweka."

"Siagi?"

"Wifi, sijaweka."

"Apa."

"Nimeapa, mwanamke mbishi wewe. Kunywa kabla haujapoa."

Alimimina kwenye kikombe. Nilikipokea nikakielekeza dirishani, kwenye mwanga, nikaangalia juu ya uji kama kuna vile vijicho vya mafuta vinavyoelea. Niliangalia sana. Mgonjwa wa kitanda cha pili alidhani naomba. Wifi alisimama tu, hakuzungumza, na kwa mtu kama yeye hiyo ni kazi ngumu kuliko kupika.

Havikuwepo. Nikanywa. Ndimu ikanikwaruza kooni, kikohozi kikapanda, mkono wa kushoto ukakimbilia tumboni kama kawaida yake. Kabla haujafika, mkono wa wifi ulikuwa umeshatangulia hapo, umekandamiza bandeji, unangoja nikohoe.

Maneno ya hotipoti sijayasahau, na hili asome. Lakini uji niliumaliza.